Kumi la Mwisho Lilipita, Madeni Yakabaki

Gharama ya itikafu yangu, yaani kukaa msikitini kwa ibada siku kumi za mwisho za Ramadhani, ukiacha ile ya kurudisha hela za watu, haikufika laki mbili. Mchango wa futari na daku elfu hamsini, chandarua kidogo cha kujifunika, kandambili, shuka la pili, dawa ya tumbo, basi. Posho niliyoacha nyumbani siihesabu, maana hiyo ningeitoa hata nisingekwenda popote. Hela za watu ndizo bado nazilipa, na ndizo zinazonifanya niandike, kwa sababu walionitangulia waliponisimulia itikafu waliusifia sana usiku wa ishirini na saba, lakini hakuna aliyenigusia habari ya Shawali, mwezi unaofuata.

Mimi ni dalali wa nyumba za kupanga, upande wa Temeke. Anayeijua kazi hii anajua inavyokwenda. Mwenye nyumba yuko mkoani, ananipigia simu kwamba chumba na sebule ni laki na nusu kwa mwezi. Mteja akija namwambia laki na themanini. Analipa miezi sita kwa mkupuo, hela inapitia kwangu, laki na themanini nzima inabaki mfukoni kabla sijagusa ule mwezi mmoja wa udalali ambao ni haki yangu na kila mtu anaujua. Hicho ndicho cha juu. Ongeza elfu kumi au ishirini ya kuonyesha nyumba, ambayo wakati mwingine nilichukua kwa nyumba niliyojua tangu asubuhi kwamba imeshapata mtu. Ongeza na ile hela ya kushikia chumba, unaipokea kwa watu wawili, anayekamilisha kodi mwanzo ndiye anayepata, mwenzake unamzungusha mpaka achoke. Kijiweni kwetu hakuna aliyeita haya wizi. Ilikuwa akili ya kazi, na asiyekuwa nayo tulimcheka.

Na swala nilikuwa naswali. Hili nalisema mapema kwa sababu simulizi nyingi za toba huanzia kwenye ulevi au jela, msomaji akajiona yeye hayumo. Mimi sikunywa, sikuwahi kulala kituoni, Ijumaa sikuikosa. Ila ibada yangu ilikuwa imekauka. Nasimama, narukuu, natoa salamu, na katikati yake nimeshapanga wateja watatu. Siku moja baada ya magharibi niligeuka kumpa mkono mtu wa kulia kwangu kwenye safu, akaniambia "Taqabbal Allah", Mungu akubali, nikamtambua. Nilikuwa nimempitisha jua la mchana kutwa nzima kumwonyesha vyumba ambavyo havikuwepo, nikachukua ishirini yake. Sijui kama alinitambua. Alinishika mkono vizuri tu, akaondoka zake. Nilitamani angenitukana.

Kwa hiyo ilipofika Shaabani, mwezi wa kabla ya Ramadhani, mwaka 2024, nikamwendea imamu wa msikiti wetu, nikamwambia sheikh, mwaka huu nataka kukaa kumi la mwisho. Sikujua kama kuna kusailiwa. Akaniuliza nyumbani nitaacha nini, nani atawapeleka watoto hospitali wakiugua usiku, na mke wangu ameridhia au amearifiwa tu. Akaniambia mwaka uliopita alimrudisha mtu nyumbani usiku wa pili, kwa sababu mkewe alikuja mlangoni na watoto, hakuna hata unga. Itikafu ni sunna, akasema, kulisha wanao ni wajibu, na sunna haiji kuvunja wajibu. Kisha akauliza, "Unadaiwa?" Nikajibu hapana sheikh, sidaiwi na mtu. Nilikuwa namaanisha dukani.

Wewe unayefikiria kukaa, maswali hayo jiulize mwenyewe kabla hujaulizwa. Mke wangu nilimwambia zikiwa zimebaki siku chache, tena kwa sauti ya mtu anayetoa tangazo. Akanitazama, akasema, "Sawa baba, nenda kamwombe Mungu. Na mimi nikitaka kumwomba, watoto nani atawashika?" Sikuwa na jibu, nikacheka kidogo. Yeye hakucheka.

Mwaka ule kumi la mwisho liliingia Pasaka ikiwa palepale, tarehe 31 Machi, mvua za masika zimeshika. Jirani zetu Wakristo wanapika pilau, mimi nafunga begi. Anayetaka kukaa siku kumi zote huingia msikitini kabla jua la siku ya ishirini halijazama, ili usiku wa ishirini na moja umkute ndani. Unatia nia, basi umo. Hutoki ila kwa haja: choo, kuoga, chakula kama hakuna wa kukuletea. Kumzuru mgonjwa, kwenda kuangalia mtaji, kupita nyumbani kuchukua chaja, vyote havimo. Na mambo ya mume na mke yamekatazwa kwa Aya yenyewe, ile ya 187 katika Suratul Baqara, kwa hiyo hilo halina mjadala.

Niseme yale ambayo hakuna anayeyasema. Siku mbili za mwanzo ni za mwili. Kuna watu wanakoroma mpaka feni haisikiki. Chukua pamba uzibe masikio. Mbu wa masika hawana huruma, na dawa ya kupulizia hairuhusiwi kwa sababu ya wenye pumu, kwa hiyo chandarua si anasa. Foleni ya choo kabla ya adhana ya alfajiri ni ndefu, amka mapema au utakuta wenzako wanakimu na wewe bado umeshika kopo. Futari ya pale ilikuwa mihogo ya nazi, magimbi, maharage, kaimati, uji wa pilipili manga. Ukiishambulia yote kama tunavyofanya nyumbani, tarawehe utaiswali umelala wima. Mimi usiku wa kwanza nilikula hivyo, na ile dawa ya tumbo nikaipatia kazi. Tende, maji, uji. Kizito kiache mpaka baada ya tarawehe, nacho kidogo. Usingizi mkubwa ulale baada ya jua kuchomoza mpaka karibu na adhuhuri, maana usiku si wa kulala.

Kwenye Kurani, mimi usomaji wangu ni wa polepole. Chuoni, yaani madrasa, niliachia njiani nikiwa mtoto, nikakimbilia mpira. Kuona wenzangu wanafunua kurasa kama upepo kulinitia unyonge, nikaanza kusoma haraka kwa kubabaisha ili nami nionekane nimo. Mzee mmoja aliyekuwa ametandika karibu nami akanisikia. Akaniambia, "Mwanangu, unamkimbiza nani?" Akanionyesha hesabu yake. Msahafu wa chapa ya Madina juzuu moja ni kama kurasa ishirini; kurasa nne baada ya kila swala ya faradhi ni juzuu kwa siku, mwezi mzima ni hitma, umemaliza Kurani yote. Mwenye kasi yangu na asome ukurasa mmoja baada ya kila swala, lakini ausome. Nilishika huo mmoja.

Kilichonisumbua kuliko mbu ni simu. Msimu wa sikukuu watu wanahama, na simu ya dalali hailali. Imamu alisema simu zizimwe, ziwashwe kidogo baada ya alasiri kwa ajili ya kujua hali za nyumbani. Baada ya siku kadhaa mteja akanipigia palepale nilipoiwasha, anataka chumba Mtoni, hela anayo mkononi. Nikasogea barazani karibu na birika, nikajikunja, nikaanza kupatana naye kwa sauti ya chini. Nilimpandishia bei, Mungu anisamehe, nikiwa kwenye itikafu, nimevaa kanzu. Yule mzee alikuwa anatawadha. Alipomaliza akaja kusimama mbele yangu. "Mwanangu, kama unauza, toka nje uuze. Kama umekaa, kaa." Kuuza na kununua ndani ya msikiti kuna katazo la Mtume mwenyewe, rehema na amani zimshukie. Nilizima simu nikampa imamu aniwekee. Mke wangu nikampa namba ya imamu. Naona hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa tangu siku ya kwanza, hasa kwa sisi ambao kazi yetu iko mdomoni.

Baada ya simu kuondoka ndipo itikafu ilipoanza. Unakaa na nafsi yako, hakuna pa kukimbilia, na nafsi inaanza kutoa vitu. Mimi zilianza kunijia sura. Mama ntilie mmoja aliyetoa hela ya kushikia chumba, nikampa mwingine, akaja kwangu mara nyingi na mtoto mgongoni. Mwanafunzi wa chuo. Yule wa kwenye safu.

Darsa moja baada ya alasiri imamu akasoma hadithi ya muflisi, iliyopokewa na Imam Muslim. Mtume aliwauliza masahaba, mnamjua muflisi ni nani? Wakasema kwetu ni yule asiye na dirhamu wala mali. Akawaambia muflisi wa umati wake ni mtu atakayekuja siku ya Kiyama na swala, na saumu, na zaka, lakini alimtukana huyu, akala mali ya huyu, akampiga huyu. Basi huyu atapewa katika mema yake na huyu katika mema yake, na mema yakiisha kabla madeni hayajaisha, atabebeshwa madhambi yao. Nimeisikia hadithi hiyo tangu utoto. Siku ile niliisikia kama taarifa ya akaunti yangu. Nikapiga hesabu: kumi hili zima, mbu hawa, tarawehe hizi, zote zinaenda kwa mama ntilie.

Usiku ule nikamfuata imamu, nikamwambia sheikh, lile swali la Shaabani nilikujibu vibaya. Hakushangaa. Akanieleza kwamba toba ina masharti, na wanazuoni akiwamo Imam Nawawi wameyapanga: uache, ujute, uazimie kutorudia. Hayo matatu ni baina yako na Mola wako. Kukiwa na haki ya mtu ndani yake linaingia la nne, umrudishie mwenyewe au akusamehe. Mimi matatu nilikuwa nayafanya kila Ramadhani, la nne sikuwahi kulifikiria. Akanipa kazi. Nitafute daftari, niandike kila jina ninalolikumbuka na kiasi. Nisichokumbuka nikadirie kwa juu, si kwa chini.

Kwa hiyo usiku wa kumi la mwisho, wenzangu wakiwa na misahafu, mimi nilikuwa na daftari la shule la kurasa arobaini, naandika. Niliona aibu kidogo, naonekana kama karani. Ila naweza kusema hakuna ibada niliyoifanya mle ndani iliyonitoa jasho kama ile.

Usiku wa ishirini na saba msikiti ulifurika mpaka nje. Nililia. Ile dua aliyofundishwa Bi Aisha, mke wa Mtume, ya kumwomba Mola anayependa kusamehe akusamehe, niliirudia mpaka sauti ikakauka, na kwenye dua ya kunuti katika witri, ile swala ya kufungia usiku, sikuweza kuitikia. Sitaki kuudogosha usiku ule. Nilitoka mwepesi, kifua kimefunguka, nikadhani nimebadilika. Ndivyo tunavyodhani wote. Kijana aliyekuwa jirani yangu alinyanyuka pale pale akanadhiria kwa sauti kwamba atafunga Jumatatu na Alhamisi maisha yake yote. Watu wakamwambia mashallah. Miezi kadhaa baadaye nilimkuta kwa imamu kichwa chini, anauliza namna ya kutoka kwenye nadhiri, anabeba zege juani na hawezi tena. Nadhiri ikishatoka mdomoni imekuwa deni. Usiku wa machozi si usiku wa kutia saini. Omba, lia, azimia moyoni, lakini ahadi ya maneno iache mpaka umekula ugali wa baada ya Idi na umeona nguvu zako zilizobaki.

Za kwangu zilibaki kidogo. Msikitini kuamka saa nane za usiku si kazi, maana wote mnaamka, kuna taa, kuna mtu anakugusa mguu, kuna uji. Nyumbani kuna kitanda na mvua juu ya bati. Wiki ya kwanza ya Shawali tahajudi, ile swala ya kuamkia usiku, ikanishinda. Wiki ya pili hata alfajiri nikaiswali nyumbani, jua linakaribia. Nikarudi kijiweni, wenzangu wakanipokea kwa jina jipya, "Ustadhi", na kila nikifungua mdomo kutaja bei wanaitikia "Amin". Nikaona ile nuru yote imekwisha na mimi ni yuleyule.

Nilipomweleza imamu aliniambia kosa langu ni kutaka kuhamisha msikiti kuupeleka nyumbani. Akanikumbusha usia aliopewa sahaba Abu Huraira na Mtume: kufunga siku tatu kila mwezi, rakaa mbili za dhuha jua likishapanda, na witri kabla ya kulala. Kabla ya kulala, akarudia, si saa nane usiku. Na ile hadithi ya kwamba amali inayopendwa zaidi na Mwenyezi Mungu ni ile ya kudumu hata ikiwa chache. Akaniambia, chagua kitu kidogo mpaka ukione aibu kukitaja, kisha usikiache. Nikachagua witri rakaa moja kabla ya kupanda kitandani, ukurasa mmoja wa Kurani baada ya alfajiri, na istighfari, kumwomba Mola msamaha, kwenye daladala badala ya kuchezea simu. Basi. Hakuna wa kunisifia kwa hayo. Lakini yameshika, na yakishika ndipo vingine hufuata vyenyewe; alfajiri ya jamaa ilirudi kwa sababu ule ukurasa ulikuwa na utamu zaidi ukisomwa msikitini.

Sasa daftari.

Nilianza na walionidai wazi, wale wa hela ya kushikia vyumba. Nilikuwa na akiba ya kununua pikipiki. Ikaisha kabla sijafika nusu ya ukurasa wa kwanza. Nikadhani watu watafurahi. Wa kwanza niliyemrushia hela kwa simu alinipigia akifoka. Kwa nchi hii ambako kila siku unapata ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii", hela kuingia bila sababu ni mtego. Aliniambia anajua ujanja wetu, nitasema nimekosea namba nimtake arudishe, kisha nimwibie. Akaniapia atanipeleka polisi. Nikamwambia kaka, kaa nayo, ni yako, uliwahi kunipa ukitafuta chumba. Kimya kirefu. Akasema, "Ndiyo wewe?" Akanitukana vilivyo, akakata, hela hakuirudisha. Nikaweka tiki. Kwa hiyo ushauri wangu: piga simu kwanza, jitambulishe, taja siku na mahali, ndipo utume. Au nenda kwa miguu.

Mama ntilie nilimfuata. Ameshahamia banda la maana, ana wasichana wawili wanamsaidia. Alinitambua kabla sijasalimia. Nikamwambia mama yangu, nimekuja na hela yako. Hakuichukua mara moja. Aliniacha nimesimama na bahasha mpaka amemaliza kuwahudumia wateja wote, nadhani makusudi, nami nikaona ni haki yake. Kisha akapokea, akahesabu mbele yangu, akasema, "Hela nimeipata. Ile mvua iliyoninyea na mtoto, hiyo tutakutana nayo huko." Sikuomba zaidi. Mpaka leo naifikiria. Kuna kurudisha na kuna kusamehewa, na la pili huwezi kulilipia.

Wapo waliosamehe palepale na kuniombea dua. Yupo aliyetaka mara mbili ya alichotoa, na nilimpa kiasi fulani juu tukaelewana. Mmoja alikuwa amefariki. Hela ikaenda kwa warithi wake, na hapo utahitaji subira, maana mtaanza kuulizana mkubwa ni nani. Nilitaka kumwachia kaka yake aliyenipokea, imamu akanizuia: hiyo ni mirathi, wanayo haki wote, mjane na watoto wakiwamo.

Cha juu kilinipa shida kuliko vyote, na hapa niliharibu. Kwa pupa ya kutakasika nilimfuata mpangaji mmoja nikamweleza kila kitu: bei halisi ilikuwa hii, mimi nilikutajia hii. Akaenda moja kwa moja kugombana na mwenye nyumba akidhani tulikula njama, mwenye nyumba akampa notisi, nami nikapoteza nyumba nne za mzee yule ambaye hakuwa na kosa. Nilikuja kuambiwa baadaye kwamba kinachotakiwa ni haki imfikie mwenyewe. Kueleza hadithi nzima si lazima kama maelezo yataleta fitina kubwa kuliko dhambi ya mwanzo. Unaweza kumpelekea mtu hela yake ukamwambia hesabu zako za zamani zilikuwa na makosa na hii ni ya kwako, na hujasema uongo. Uliza mwenye elimu kabla ya kila jina gumu. Mimi niliuliza baada ya kuungua.

Na wale nisiowajua, wale wa elfu kumi za kuonyesha nyumba, ambao sina majina wala namba? Nilikadiria kiasi, nikawa natoa sadaka kwa nia ya thawabu ziende kwao, kwa sharti kwamba siku nikimwona yeyote kati yao nitampa chake, achague. Yule wa kwenye safu yumo humo. Hajaonekana tena msikitini kwetu, nadhani alipata chumba mbali.

Watu hupenda nimalizie kwa kusema Mungu alinifungulia riziki mara kumi. Haikuwa hivyo. Kipato kilishuka na hakijarudi kilipokuwa. Sasa nachukua udalali wa mwezi mmoja, namkutanisha mpangaji na mwenye nyumba ana kwa ana au kwa simu ya sauti wazi, bei inatajwa na mwenyewe. Wateja wengine hawaamini, wanadhani kuna kitu nimeficha. Madalali wenzangu hawanipi tena nyumba zao kwa sababu nawaharibia bei. Mke wangu ameanza kukaanga bagia jioni, na ule mwezi wa ada ya shule tulikopa. Wenye nyumba wawili watatu wameniachia funguo moja kwa moja, na hilo ni jipya kwangu, lakini ada hailipwi kwa sifa. Ninalolala nalo ni kwamba simu ya namba ngeni ikiita siku hizi naipokea. Zamani nilikuwa naiangalia mpaka inakata.

Swali la mke wangu lilinichukua muda kulijibu. Katika madhehebu ya Shafi, tunayoyafuata wengi huku pwani, itikafu ya mwanamke nayo ni ya msikitini, na misikiti yenye sehemu ya wanawake iliyotulia kwa kulala ni ya kutafuta. Lakini katika madhehebu hayohayo itikafu haina urefu wa lazima. Unaingia msikitini, unatia nia, hata ukikaa saa moja umepata. Ramadhani iliyofuata sikukaa kumi. Nilibaki na watoto baada ya futari, nikaosha vyombo, yeye akaenda tarawehe na kukaa mpaka karibu na daku katika zile usiku za witiri, ishirini na moja, ishirini na tatu na kuendelea, alizoweza. Watoto walinitesa. Mdogo alikataa kulala mpaka mama arudi, nami ule ukurasa wangu nikausoma kwa kumbembeleza nao.

Dereva, mlinzi wa zamu, mwenye genge asiye na wa kumshikia, njia yenu ni hiyohiyo. Ukiingia kuswali adhuhuri tia nia ya itikafu kwa muda utakaokaa, zima simu, usitoke mbio baada ya salamu. Na anayeweza kumi lote, awahi. Hela ya nyumbani ianze kuwekwa kando tangu Rajabu, miezi miwili kabla, kwa mke uende kuomba ridhaa mapema na ukubali akisema mwaka huu hapana. Imamu mwone Shaabani, misikiti mingine majina huweza kujaa kabla mwezi haujaandama. Daftari nalo usingoje mpaka uko ndani ya itikafu ulinunue dirishani kwa mtoto wa madrasa kama nilivyofanya mimi. Lianze sasa hivi, majina yakiwa bado yanakumbukika na wenyewe wako hai.